Damu ya Mtoto Ina Baba Pia

Wito mmeusikia. Kila ikifika Juni 19, Siku ya Sikoseli Duniani, vijana huambiwa wapime damu kabla ya kuoana, na safari hii pia wameambiwa. Sawa, hatuna ugomvi na hilo. Kinachotukera ni nani atakayeitika, maana tunawajua: wataitika wanawake.

Pita kliniki ya watoto wenye sikoseli uone. Benchi limejaa akina mama, faili mkononi, mtoto mapajani macho ya njano. Baba yuko wapi? Yuko kazini. Yuko safarini. Au yuko kwa mama yake, wanakubaliana kwamba kwao ugonjwa huu haumo, mwanamke kaja nao.

Hakuja nao peke yake. Tulishasema, tunarudia. Mtoto hurithi nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu: moja ya mama, moja ya baba. Ili augue sikoseli, nakala zote mbili lazima ziwe na hitilafu. Zote mbili! Mwenye moja tu hubeba bila kuugua. Anacheza mpira, anapakia magunia, anazeeka, na hajui. Ndiyo maana ukoo mzima unaweza kuapa kwamba kwao haumo.

Na wabebaji ni wengi kwetu kwa sababu inayojulikana. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mwenye nakala moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Mahali palipoteswa na malaria vizazi na vizazi, kinasaba hiki kilidumu. Mkosi wa bibi harusi haumo katika habari hii.

Halafu kuna hesabu inayoumiza nyumba nyingi. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Kila mimba. Watu husikia mmoja kati ya wanne, na wa kwanza akiugua wanashusha pumzi: watatu wajao wamesalimika. Sivyo. Shilingi ukiirusha leo haikumbuki iliangukaje jana. Zipo nyumba zenye watoto wawili wagonjwa mfululizo. Zipo nyumba zenye watano wazima, na baba anawataja hao watano kuwa ushahidi kwamba damu yake safi!

Mtoto mgonjwa mwenyewe huzaliwa akionekana mzima, kwa sababu himoglobini aliyotoka nayo tumboni humsitiri miezi ya mwanzo. Ikipungua, viganja na nyayo vinavimba, analia usiku kucha. Mama anaulizwa alimwangusha wapi. Jirani anashukiwa. Mtoto anachanjwa chale, wakati kipimo cha damu kingemaliza ubishi.

Kwa wenye mamlaka tuna neno moja. Kuwahimiza wachumba ni vizuri, lakini mchumba anapima lini? Mahari imeshatolewa, kadi za michango zimezunguka, ukumbi umelipiwa. Nani atathubutu kuleta majibu ya maabara kwenye kikao cha harusi? Anzeni na wachanga. Pimeni watoto wodini kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kila wilaya, si mijini tu, ili atakayeugua aanzishiwe dawa mapema.

Nanyi akina baba, tuseme wazi: inatosha. Inatosha kumtuma mama na mtoto kisha kusubiri majibu kijiweni. Inatosha kumrudisha mwanamke kwao kwa kosa ambalo nusu yake imetoka kwako. Jumatatu asubuhi beba kadi ya mtoto, panda daladala na mkeo, kunja shati, utolewe damu. Majibu yakitoka, piga simu kwa mama yako, umsomee ya kwako wewe.