Diski Yenye Nafasi Isiyotumika: Ya Kuuliza Kabla ya Kuweka Kanzidata katika Kompyuta Kuukuu

Matini ya mazungumzo na watumiaji wa bidhaa na huduma, Chokocho, Mkoa wa Kusini Pemba



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa jina lake tu linaweza kumchosha msikilizaji, nalo ni mfumo wa mafaili katika diski ya kompyuta. Nakuombeni mnivumilie, kwani jambo hili linagusa fedha za watu. Kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika huuzwa kwa bei ambayo kikundi cha kuweka na kukopa au mfanyabiashara wa dagaa anaweza kuimudu, na wengi wanaozinunua hawazitaki kwa kuandikia barua. Wanataka kuweka ndani yake daftari: nani ameweka akiba kiasi gani, nani anadaiwa, mzigo gani umevuka kwenda Kisiwa Panza na haujalipiwa. Daftari hilo likiwa ndani ya kompyuta huitwa kanzidata, na programu inayoliendesha ina masharti yake. Muuzaji hutaja ukubwa wa diski na kasi ya mashine. Sharti la mfumo wa mafaili hutajwa kwa nadra sana.

Diski ni mfano wa ghala la karafuu. Ukubwa wa ghala ni jambo moja. Utaratibu wa kupanga magunia na kuandika gunia lipi limewekwa wapi ni jambo jingine. Utaratibu huo ndio mfumo wa mafaili. Katika kompyuta kuukuu zenye Windows mtakutana na miwili. Wa kwanza ni FAT32, uliokuja mwaka 1996 na kutumika sana zama za Windows 98. Wa pili ni NTFS, ulioanza mwaka 1993 katika mashine za maofisini na kuenea majumbani baada ya Windows XP kutoka mwaka 2001. Windows XP ilikubali yote miwili, na hapo ndipo penye mtego: mashine mbili zinazofanana kwa sura, bei na programu zinaweza kuwa zimepangwa kwa taratibu tofauti, na mnunuzi asijue.

Katika FAT32 faili moja haliwezi kufikia gigabaiti 4 kamili. Ukomo wake ni baiti 4,294,967,295. Programu nyingi za kanzidata huweka kumbukumbu zote katika faili moja au machache yanayokua kila siku. Faili likifika ukomo huo, uandishi hukataliwa hata kama diski ina gigabaiti 50 tupu. Ubaya zaidi, Windows XP huweza kudai kwamba nafasi haitoshi. Mwenye mashine hufuta picha na nyimbo, bila mafanikio, kisha huuziwa diski kubwa zaidi iliyopangwa kwa utaratibu uleule. Amelipa mara mbili kwa tatizo moja.

Sitaki kukutisheni bure. Kikundi cha wanachama 200 kinachoandika majina na tarakimu tu hakitafikia gigabaiti 4 kwa miaka mingi. Kinachokifikisha huko ni picha za wanachama na nakala za stakabadhi zinazowekwa ndani ya kanzidata yenyewe. Tena si kila ukomo ni wa diski. Microsoft Access ina ukomo wake wa gigabaiti 2 kwa faili, hata katika NTFS. Matoleo ya awali ya DHIS, programu ya takwimu za afya, yalijengwa juu ya Access.

Kwa kikundi kidogo, hatari iliyo karibu zaidi ni umeme. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hiyo ni neema kubwa ukilinganisha na enzi za majenereta ya dizeli. Hata hivyo umeme hukatika, na hukatika bila kubisha hodi. NTFS huandika pembeni kila badiliko la mpangilio wa mafaili kabla ya kulitekeleza, hivyo umeme ukirudi hujua pa kuendelea. FAT32 haina kumbukumbu hiyo. Mashine hulazimika kupekua diski nzima, na vipande vya mafaili visivyo na mwenyewe huwekwa kwenye folda iitwayo FOUND.000. Ukiikuta folda hiyo katika mashine unayouziwa, jua kwamba diski imewahi kupata msukosuko. Nasema pia kwamba NTFS hulinda mpangilio, haikuhakikishii kila tarakimu iliyomo ndani ya faili. Kazi hiyo ni ya programu ya kanzidata yenyewe.

Kuna na suala la siri. FAT32 haijui nani ni nani: yeyote anayeketi mbele ya mashine anaweza kulifungua, kulinakili au kulifuta faili la akiba za wenzake. NTFS inaweza kumruhusu mweka hazina na kumzuia mpita njia. Kwa sababu hiyo kisakinishi cha PostgreSQL, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005 lililoanza kuendeshwa moja kwa moja ndani ya Windows, kilidai NTFS. Kwa SQL Server, Microsoft hushauri NTFS, na usakinishaji hukataliwa kwenye diski iliyobanwa ili kuokoa nafasi. MySQL nayo huelekeza NTFS kwa majedwali yanayozidi gigabaiti 4.

Kukagua hakuhitaji fundi. Fungua orodha ya diski, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski C, chagua “Properties”, kisha soma mstari wa “File system”. Fanya hivyo dukani, kabla ya kutoa fedha, na urudie kwa diski D kama ipo.

Aliyekwisha kununua na akakuta FAT32 asikimbilie kufomati, kwani kufomati hufuta kila kitu. Windows XP ina amri ya kugeuza diski bila kufuta yaliyomo: kwa diski D huandikwa convert D: /fs:ntfs. Amri hiyo haina ya kurudi nyuma, na umeme ukikatika katikati mambo yanaweza kuharibika. Kwa hiyo nakala itangulie. Nakala yenyewe ina mtego wake. Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa FAT32, na faili lililozidi ukomo halitaingia humo hata flashi iwe ya gigabaiti 64. Usiridhike kwamba umenakili. Lifungue faili la nakala katika mashine nyingine uone kama linasomeka.

Sheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji inakupa pa kusimamia ukipewa maelezo ya kupotosha, lakini malalamiko yasiyo na karatasi huwa mazito kuyathibitisha. Mwambie muuzaji kazi unayoitakia mashine, na umwombe aandike kwenye risiti aina na ukubwa wa diski, mfumo wa mafaili, toleo la Windows, na maneno “kwa ajili ya kanzidata”. Akikataa kuandika, mna haki ya kwenda duka jingine.

Waliokuja na mashine zao leo wasogee meza ya mbele. Tutaanza na za vikundi, kisha za watu binafsi.