Mota Mbili, Mzigo Mmoja: Hotuba kwa Watu wa Madaba na Waalimu



Nimeombwa niseme juu ya vyombo vya safari, maana katika mwaka huu wa jubilei watu wengi wa hapa Madaba wanataka tununue kwa pamoja gari la kuchukulia wagonjwa. Shauri hili ni jema. Lakini kabla hatujafungua mifuko yetu, yafaa tusikie habari za chombo kingine, yaani eropleni ya mota mbili iitwayo Dragon Rapide. Waliokuwa nayo katika Afrika ya Mashariki walikutana na mambo ambayo sisi nasi tutakutana nayo.

Mwaka 1929 mjane mmoja, Bibi Florence Kerr Wilson, alianzisha mjini Nairobi kampuni ya Wilson Airways, akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black. Walianza na eropleni ndogo ya mota moja, na baadaye wakapata za mota mbili. Walichukua barua na abiria hata Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, mpaka vita ya mwaka 1939 ikaikatisha kazi yao. Uwanja wao wa Nairobi ulipewa jina la Wilson mwaka 1962, na jina hilo lingalipo. Tena mwaka 1946 ikaanza East African Airways, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nayo ilianza kazi kwa Rapide sita.

Rapide iliruka mara ya kwanza huko Uingereza mwaka 1934. Mwili wake ni mbao. Mabawa yake, ya juu na ya chini, yamevikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Rubani hukaa peke yake puani, na abiria wanane nyuma yake. Kila mota ina nguvu za farasi 200. Zilitengenezwa zaidi ya 700, lakini zinazoruka leo ni chache sana, nazo hutunzwa kama urithi.

Basi mtu atasema, “Mota mbili ni salama kuliko moja, ikizimika hii, ile itatufikisha.” Maneno haya yana ukweli, lakini si ukweli wote. Waalimu, wafundisheni watoto hesabu hii. Mota huvuta hewa ili petroli iwake, kama vile moto wa jikoni unavyotaka hewa. Kadiri nchi inavyoinuka, hewa hupungua. Pwani Rapide ina nguvu za farasi 400. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hupoteza kama sehemu moja katika sita, na hubaki na 330 hivi. Njombe, iliyo karibu mita 2,000, ingepoteza zaidi, na jua kali huzidisha hasara. Sasa mota moja ikizimika, zinabaki nguvu 165 tu. Tena panga la mota iliyozimika haliachi kuzuia upepo, na chombo chote hutaka kugeukia upande ule uliokufa. Nguvu nyingi za eropleni hutumika kuishikilia angani. Za kupandia ni yale masalio tu. Ukiondoa nusu ya nguvu, masalio yote yamekwisha. Rapide iliyojaa, katika nchi ya milima, ikibaki na mota moja haipandi. Pengine itashuka polepole, na rubani atatafuta shamba la kutulia. Nanyi mmeona malori yaliyojaa mahindi yakipanda Lukumburu: injini hulia, lakini magurudumu hayaendi.

Yule Campbell Black niliyemtaja, mwaka 1934, pamoja na mwenzake C. W. A. Scott, alishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza mpaka Melbourne, nchi ya Australia, kwa muda usiotimia siku tatu. Eropleni yao ilikuwa DH.88 Comet, na mota zake mbili zilikuwa za ukoo uleule wa mota za Rapide, ila zilizidishwa nguvu kidogo. Lakini humo walikuwamo watu wawili na petroli yao, katika mwili mwembamba. Basi mota ya ukoo mmoja hushinda mbio huku, na huko inahema. Tusiulize tu, “Mota ina nguvu gani?” Tuulize pia, “Imebeba nini?”

Hapo ndipo penye jaribu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila abiria huona kikapu chake ni chepesi. Kwa hiyo watu wa eropleni huweka mizani, wakapima mizigo na hata watu wenyewe, na rubani ana haki ya kusema, “Hiki kitabaki,” ajapokuwa mwenye kikapu ni mkubwa wa nchi.

Jambo la pili ni utunzaji. Mbao na gundi huharibika kwa mvua na jua. Kitambaa huchakaa hata chombo kisiporuka. Siku ya kununua ni siku moja, yenye ngoma na vigelegele. Siku za kutengeneza ni zote zinazofuata, nazo hazina ngoma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na angani hakuna mahali pa kujengea ukuta.

Basi ndugu zangu, mgonjwa wa usiku atakayelazwa katika gari letu hatauliza lilinunuliwa kwa fedha ngapi. Atauliza kama litafika hospitali. Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, tufungue daftari mbili tangu leo, moja ya kununua na moja ya kutengeneza, na gari lisinunuliwe mpaka daftari ya pili ina fedha za mwaka mzima. Pili, hesabu isomwe mbele ya watu wote kila mwezi. Tatu, dereva apewe kwa maandishi haki ya kukataa magunia na watu wa kuomba lifti, hata akiombwa na mjomba wake, hata akiombwa na mimi. Tukikubaliana hayo, na tuanze kuchanga.