VUMBI LA BREKI SI UCHAFU TU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nakuru)



Nimepewa nafasi niseme habari za vumbi la breki. Wengine mtaona ni jambo dogo, maana tumezoea kukutana hapa kwa ajili ya mshahara na nyumba. Nami nasema ni jambo la chama kabisa, kwa kuwa anayelivuta ni mfanya kazi, na anayenunua bloki ni mwingine.

Kwanza tujue linatoka wapi. Treni ikipanda kutoka hapa Nakuru, penye mita 1,850 hivi juu ya bahari, mpaka Timboroa penye mita 2,740 hivi, injini ndiyo yenye taabu. Ikirudi, taabu ni ya breki. Sehemu ya kimo kile cha karibu mita 900 hugeuka moto kati ya gurudumu na bloki, na bloki inalika. Kilicholika hakikupotea, ndugu zangu. Kiko juu ya bogi, kiko kwenye koti lako, na sehemu yake iko kifuani. Ni vivyo hivyo kwa lori au matatu inayoshuka kwenda Mai Mahiu.

Bloki za kale ni za chuma cha kusubu. Vumbi lake ni chuma, na jingi huanguka karibu; ubaya wake mwingine ni cheche, zinazoweza kuwasha nyasi kavu kando ya reli. Baadaye zikaja bloki za mchanganyiko, yaani nyuzi na unga wa namna nyingi ulioshikamanishwa kwa gundi ngumu. Hizi ni nyepesi, hudumu zaidi, hazina kelele nyingi. Lakini zamani nyingi zilitiwa asbestosi, kwa sababu haiungui, na lainingi za motokaa vilevile.

Hapa nitakaa kidogo. Mimi si daktari, lakini jambo hili limethibitishwa na madaktari wa dunia nzima: nyuzi za asbestosi zikiingia mapafuni huleta kansa na kukauka kwa mapafu, na mara nyingi ugonjwa hauonekani mpaka imepita miaka 20, 30, hata 40. Mtu amekwisha staafu, hakuna anayekumbuka alifanya kazi gani. Anayevuta sigara pamoja na vumbi hilo hatari yake ya kansa ya mapafu huzidi sana. Uingereza ilikataza aina ya mwisho mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Hapa Kenya, Kanuni za Takataka za mwaka 2006 ziliihesabu kuwa taka ya hatari. Hata hivyo ziko nchi ambazo bado zinaichimba na kuiuza, na kitu cha bei rahisi husafiri mbali.

Watu husema moto wa breki huiua asbestosi. Ni kweli nusu. Moto hubadili sehemu kubwa ya zile nyuzi, lakini si zote. Na lainingi mpya unayoipiga tupa au kuitoboa haijaona moto hata kidogo. Basi anayepata dozi kubwa ni fundi, kuliko dereva.

Na jicho halitambui. Msidanganywe na rangi. Ulizeni karatasi ya mtengenezaji inayosema haina asbestosi, yenye namba ileile iliyopigwa kwenye bloki. Muuzaji asiye na karatasi, mwacheni na bei yake nzuri.

Kwa ndugu wa gereji: pedi ya seramiki hutoa vumbi kidogo, nayo yafaa motokaa ndogo ya mjini. Pedi yenye chuma kingi hutoa vumbi jeusi zaidi, lakini huvumilia moto. Gari la abiria linaloshuka milima na lichague kuvumilia moto, hata rimu zikichafuka. Badilisheni magurudumu mawili ya ekseli moja pamoja. Pini zile za kuteleza zisafishwe na kutiwa grisi inayostahimili moto, maana zikikwama pedi inasugua mchana kutwa, na hilo ni vumbi la bure.

Kwa sisi wa mabehewa: usichanganye chuma cha kusubu na mchanganyiko katika behewa moja, kwa kuwa hazishiki sawa. Wala usiweke za mchanganyiko mahali pa chuma kabla ya kuhakikisha kwamba mitambo ya breki ya behewa hilo imewekwa kwa ajili yake. Gurudumu linaweza kupata moto kupita kiasi mteremkoni. Bloki ikae juu ya uso wa gurudumu, isitokeze nje ya ukingo. Hendibreki iliyosahauliwa nusu hula bloki nzima kwa safari moja. Na kabla ya mkono kuingia chini, hewa imekwisha tolewa, kabari ziko magurudumuni, bendera nyekundu imesimama. Hilo mnalijua, lakini nalisema.

Sasa habari ya kompresa. Katika karakana moja niliyofanya kazi, vumbi lilipulizwa kwa hewa kila jioni ili mahali paonekane safi kwa mkubwa. Pakaonekana safi, nasi tukalivuta lote. Lowesheni, pangusa kwa kitambaa kibichi, kitieni mfukoni na kufunga. Barakoa ya korona haitoshi. Inatakiwa yenye kichujio cha daraja la P3. Koti la kazi libaki kazini. Wako wanawake Ulaya waliougua kwa kufua nguo za waume zao.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi, na vifaa vya kujikinga visikatwe mshaharani. Kwa hiyo naomba mkutano huu uazimie kuandika barua kwa mwajiri yenye mambo matatu: tuonyeshwe karatasi za kila bloki inayoingia stoo, kupuliza vumbi kwa kompresa kukomeshwe, na nguo zetu zifuliwe kazini kwa gharama yake. Bwana Katibu ana nakala ya barua mezani. Anayetaka neno libadilishwe aseme kabla hatujapiga kura.