Kambi ya Lewis Mountain



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya mapumziko wakati wa livu. Nasi tumechagua habari ya kambi moja ndogo iliyo mbali na kwetu, katika milima ya Blue Ridge, jimbo la Virginia, nchi ya Marekani.

Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah ilianzishwa mwaka 1935, na Rais Franklin Roosevelt akaizindua tarehe 3 Julai 1936. Barabara ya juu ya milima yapita ndani yake, urefu wake maili 105. Hifadhi ilikuwa mali ya serikali kuu, na kodi ya mtu mweusi iliingia katika hazina ile ile; lakini desturi ya Virginia ilikuwa kuwatenga watu kwa rangi, na wakuu wa hifadhi waliifuata. Basi mwaka 1939 watu weusi wakafunguliwa mahali pao peke yao, Lewis Mountain; palipokamilika palikuwa na uwanja wa mahema, meza za kulia chini ya miti, vijumba vya kulala, na nyumba ya chakula. Kibao cha njiani kilitaja wazi ni pa nani.

Msidhani palikuwa pabaya. Wageni walipapenda, maana siku zile msafiri mweusi aliweza kuendesha gari kutwa nzima asipate hoteli ya kumpokea. Hapo ndipo neno lilipokuwa gumu, kwani ni vigumu kukilalamikia kitu ambacho umekitumia kwa furaha.

Lakini katika Wizara alikuwamo Bwana William J. Trent, mtu mweusi, mshauri wa Waziri Harold Ickes. Yeye hakuomba kambi nzuri zaidi. Aliomba utengano ukome. Waziri akakubali, na uwanja wa Pinnacles ukafunguliwa kwa watu wote, kwa majaribio. Desemba 1945 ikatoka amri kwa hifadhi zote. Sisi makarani twajua jinsi waraka uwezavyo kutiwa sahihi na kupigwa muhuri, kisha ukalala katika faili! Baadhi ya vyumba vya kulia vya Shenandoah vilifunguliwa kwa wote mwaka 1947, na mambo yote hayakutimia mpaka 1950.

Kambi ingalipo. Ni ndogo kuliko zote za hifadhi ile, nafasi zake za mahema yapata 30, na apiga hema hapo mtu yeyote apendaye.