MACHO MANNE YA PIKAPU NA MTU WA BENDERA

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa reli mbele ya wafanya kazi, Timau



Nimeombwa niseme machache juu ya kamera za kuzunguka gari, yaani ule mtambo unaomwonyesha dereva pande zote nne za gari lake. Mimi si fundi wa magari. Mimi ni mtu wa reli, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini jambo hili limenigusa mwenyewe, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Mnajua nyote kuwa reli inaishia Nanyuki. Kutoka huko mpaka hapa kwetu ni kilometa kama 20, na garimoshi halipandi. Viazi, ngano, mbolea, maua na hata watu wenyewe huenda kwa lori na pikapu. Kwa hiyo pikapu ndiyo behewa letu sisi watu wa Timau. Nami na wenzangu saba tuliweka akiba pamoja, tukanunua pikapu moja kuukuu ya kubebea viazi.

Sasa nitasema aibu yangu. Asubuhi moja ya likizo yangu nilikuwa kwenye usukani. Tulikuwa tukirudi nyuma kuelekea mlango wa ghala. Nilitazama kioo cha kulia, nikatazama cha kushoto, sikuona mtu. Nikaachia klachi. Mara nikasikia makelele. Kijana mmoja mpakiaji alikuwa ameinama nyuma ya gurudumu kuokota kamba iliyoanguka. Gurudumu lilipanda juu ya mguu wake, likamvunja vidole vitatu.

Namshukuru Mungu kwamba haikuwa zaidi. Lakini sikilizeni. Kijana yule alikuwa kibarua wa siku. Hakuwa na bima yo yote. Mimi, ambaye kila mkutano husimama na kudai kwamba tajiri akate bima, siku ile tajiri nilikuwa mimi na wenzangu saba. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila tajiri awe na bima kwa ajili ya wafanya kazi wake. Sisi hatukuwa nayo. Tulichanga tukamlipa hospitali na siku zake zote za kulala nyumbani, lakini tulichanga kwa hofu na aibu, si kwa utaratibu. Leo bima ipo.

Kuna wenzetu walionifariji wakisema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya kweli kwa radi. Kwa gari linalorudi nyuma si ya kweli. Kinga ipo, nami niliijua tangu siku ya kwanza niliyoingia kazi ya reli. Kule stesheni, injini ikisukuma mabehewa, dereva haendi mpaka aonyeshwe ishara na mtu aliye chini. Na dereva akimpoteza mtu yule machoni, husimama papo hapo. Haulizi, habahatishi, husimama. Sheria hiyo niliiacha langoni mwa stesheni kama mtu avuavyo koti, nikaenda kurudisha pikapu nyuma kwa kubahatisha.

Basi tulikutana, tukakubaliana gari litiwe kamera. Fundi mmoja wa umeme wa magari alitueleza, nami nitawaeleza kama nilivyofahamu.

Kamera ni nne. Moja hukaa mbele, moja nyuma, na moja chini ya kila kioo cha pembeni. Lenzi yake ni ya mviringo kama jicho la samaki, ili ione upana mkubwa. Nyaya huzipeleka picha zote kwenye kisanduku kimoja kilichofichwa ndani ya gari. Kisanduku hicho hunyosha picha zilizopinda, kisha huziunganisha kuwa picha moja, na dereva huona gari lake kwenye skrini kama mwewe alionavyo kutoka juu. Kampuni ya Nissan ya Japani ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye mtambo huu, mwaka 2007. Siku hizi huuzwa peke yake pia, na gari la zamani laweza kutiwa.

Ili picha zikutane vizuri, fundi huliweka gari mahali palipo sawa, akatandika chini vitambaa vyenye miraba myeusi na myeupe pande zote, akakipimia kisanduku kwa miraba hiyo. Fundi asiyefanya hivyo amekuuzia picha nne, hajakuuzia mtambo. Tena hakikisheni kamera ni za kuzuia maji na vumbi, na waya wa umeme uwe na fyuzi karibu na betri. Waya usio na fyuzi ukichunika waweza kuchoma gari zima.

Lakini pikapu si gari la kutembelea, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Nitataja makosa tuliyoyaona kwa macho yetu.

Kwanza, kamera ya nyuma mara nyingi hufungwa kwenye mlango wa nyuma, karibu na kishikio. Mkiulaza mlango huo kwa sababu magunia yamezidi, kamera inatazama ardhi. Nyuma ya gari hakuna jicho tena. Sisi tuliihamisha yetu tukaifunga kwenye bampa. Inapata matope zaidi, lakini haifumbwi na mlango. Pia waya unaopita kwenye bawaba za mlango hukunjwa kila siku mpaka unakatika ndani kwa ndani.

Pili, gari likibeba mzigo hushuka nyuma na kuinuka mbele. Lilipimwa likiwa tupu, basi likijaa viazi picha hazikutani sawasawa. Mstari wa ukuta huonekana umevunjika.

Tatu, pale picha mbili zinapoungana, yaani kwenye pembe nne za gari, kitu chembamba chaweza kupotea. Na mtu aliyesimama huonekana kama amelala na kurefuka, maana kisanduku hudhani kila kitu kiko chini kama kivuli. Kwa hiyo usiupime umbali wa mtu kwa skrini hiyo.

Nne, Timau ni baridi na ukungu, na mvua ikinyesha barabara ni matope. Asubuhi moja skrini yetu ilionyesha rangi ya kahawia tupu, na dereva wetu alikuwa bado anarudi nyuma! Nilipomuuliza, akasema, "Kamera ipo." Ndugu zangu, neno hilo lilinitisha kuliko siku ya ajali. Zamani hatukuona na tulijua kwamba hatuoni. Sasa hatukuona tukadhani tunaona.

Kwa hiyo tumeweka sheria yetu, na nawaomba mwichukue. Kabla ya kuwasha gari, lenzi zote nne zifutwe kwa kitambaa safi. Dereva alizunguke gari kwa miguu. Kila mara gari likirudi nyuma penye watu, mtu mmoja asimame upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo, na asimame pembeni, si nyuma ya gari. Dereva akimpoteza mtu huyo, au skrini ikizima, asimame papo hapo. Yaani ile sheria ya reli, nimeirudisha. Kijana yule alipona, akarudi kazini kwetu, na siku hizi kabla ya gia ya rivasi kuingia, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Nani anasimama?"

Wengine watasema kamera nne ni ghali. Ni kweli. Basi anzeni na moja ya nyuma, ambayo bei yake ni ndogo zaidi. Huko Marekani, mwaka 2002, mtoto wa miaka 2 aligongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma, akafa, na aliyekuwa akiendesha ni baba yake mwenyewe. Sheria ilitiwa sahihi mwaka 2008, na kanuni ya kuwa kila gari dogo jipya, pamoja na pikapu, liwe na kamera ya nyuma ilishika sawasawa Mei 2018. Kamera moja tu, si nne. Lakini hesabuni miaka: kutoka mtoto yule mpaka kanuni ni 16. Sisi tusingoje hivyo.

Namaliza kwa neno la chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Wajumbe wetu walipeleke jambo hili kwenye kamati. Waseme mambo matatu. Kwanza, magari ya kazi yatiwe kamera kwa fedha za tajiri, wala isikatwe hata senti moja katika mshahara wa dereva. Pili, kamera isiwe sababu ya kumwachisha kazi yule mtu wa kusimama nje. Jicho la kamera halipigi kelele, na halimvuti mtu mkono. Tatu, tajiri asiseme, "Nimekutilia kamera, sasa kila kosa ni lako." Kama lenzi imevunjika na dereva ameandika habari hiyo kitabuni, kosa si la dereva. Kwa hiyo madereva, andikeni! Andikeni tarehe na saa, mtie sahihi.

Na ninyi mlio kama mimi, mlionunua pikapu kwa akiba na kuwaandika vibarua, jueni kwamba siku hiyo tajiri ni ninyi. Lile mnalolidai kazini, lifanyeni kwanza kwenye gari lenu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ile nafasi ndogo nyuma ya gurudumu ambayo dereva haioni.