AJALI INA KINGA: WAJIBU WA VYAMA VYETU KATIKA USALAMA BARABARANI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi waliokutana Kilimatinde, Wilaya ya Manyoni. Yanachapishwa hapa ili yasomwe na kujadiliwa katika mikutano ya vyama wanachama.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya usalama barabarani, nami najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza jambo hili lina uhusiano gani na ushirika. Ushirika, watasema, ni mizani, ni bei, ni pembejeo na malipo ya mkulima. Barabara ni kazi ya Serikali na ya polisi. Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu ya hatari iliyoko barabarani hupakiwa katika milango ya maghala yetu wenyewe, na kwa hiyo sehemu ya kinga yake imo mikononi mwetu.

Mahali hapa tulipokutana ni mji wa njia tangu zamani. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi ilivuka Ugogo ikilipa hongo, ambayo siku zile ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya watu. Ikisha kuupanda ukingo huu wa Bonde la Ufa, mbele yake lilikuwa pori la Mgunda Mkali, lililojulikana kwa ukame wake. Wajerumani nao walijenga boma hapa Kilimatinde. Baadaye Reli ya Kati ikapita Saranda, chini ya ukingo, ikapanda hadi Manyoni, na shughuli nyingi zikaifuata huko. Leo barabara ya lami kutoka Dodoma huvuka bonde la Bahi, hupita Kintinku, hupanda ukingo na kufika Manyoni. Hapo hugawanyika: moja huelekea Singida, Nzega na mipaka ya Rwanda na Burundi; nyingine huelekea Itigi na Tabora. Mzigo wa nchi kadhaa hupita mbele ya milango yetu usiku na mchana.

Nimeitaja misafara ile kwa sababu moja. Mgunda Mkali uliogopwa, lakini hakuna kiongozi wa msafara aliyesema kwamba kiu haina kinga. Alijaza vibuyu maji, akahesabu siku, akajua mahali pa kulala. Sisi wajukuu wa watu wale tumeambiwa, na tumezoea kusema, kwamba ajali haina kinga. Msemo huu hutamkwa matangani kumfariji mfiwa, na kwa kazi hiyo hauna ubaya. Ubaya huanza tunapoutumia kabla ya safari, ili tusiulize habari za breki.

Ndugu Wajumbe, hebu tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Afrika ina magari machache sana, karibu asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini hupata karibu moja ya tano ya vifo hivyo. Basi si wingi wa magari unaotuua. Tunauawa na namna magari hayo yanavyoendeshwa, yanavyotunzwa na yanavyopakiwa, na namna barabara zinavyopita katikati ya watu wasio na njia yao ya kando.

Taifa letu halikukosa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mabasi na malori makubwa, hata nje ya makazi, ni kilomita 80. Tena taifa halikukosa maonyo. Tarehe 12 Aprili 1984 tulimpoteza Waziri Mkuu wetu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, kwa ajali ya gari huko Dakawa, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni, wakafa watoto 32, walimu 2 na dereva. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka; watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka, na waliokufa walizidi 100. Tuwaambie watoto wetu waziwazi: lori la mafuta likianguka, kinachofaa ni kulikimbia.

Huenda mtu akasema kwamba tofauti kati ya mwendo wa 50 na wa 80 ni ndogo. Tufanye hesabu, kama tunavyofanya kwenye mizani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kwa sekunde moja. Linalokwenda 80 hupita mita 22. Dereva mwepesi, akimwona mtoto anavuka, huhitaji kama sekunde moja kabla mguu wake haujagusa breki. Katika sekunde hiyo lori la pili limekwisha kupita mita 22, wala halijaanza kupunguza mwendo. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne. Mtoto aliyeko mita 20 mbele ya lori la kwanza ana nafasi ya kurudi nyuma, na hata akigongwa, huenda akapona. Aliyeko mbele ya lori la pili amepatwa kabla breki haijashika.

Sasa tuuchukue uzito na mteremko. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56. Mzigo huo ukiteremka ukingoni, kitu kinachouzuia ni breki na injini tu. Dereva aliyefundishwa vyema huingiza gia ndogo kabla ya mteremko, injini ikasaidia kulishika gari. Dereva anayetaka kubana mafuta huweka nyutro akaliacha liserereke. Breki hubeba kazi yote peke yake, hupata moto, na breki iliyopata moto haishiki. Reli nayo imetufundisha hivyo hivyo. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Waliokufa walikuwa 281. Mlima haumhurumii mtu aliyeuendea bila breki.

Ndugu Wajumbe, mpaka hapa nimesema habari za wengine. Sasa nije katika ghala. Chama kinapotafuta mtu wa kusafirisha alizeti au ufuta, kwa kawaida hutazama jambo moja, nalo ni bei. Anayetaja bei ya chini hupewa kazi. Lakini bei hiyo ya chini imetoka wapi? Mafuta ya dizeli hununuliwa kwa bei ile ile na kila mtu. Mara nyingi kilichopunguzwa ni tairi, ni breki, ni usingizi wa dereva, au ni magunia yanayozidishwa juu ya kipimo. Tunapofurahia kuokoa shilingi chache kwa gunia, tujue tumezinunua kwa hatari ya mtu mwingine.

Jambo la pili ni watu wanaopanda juu ya mzigo. Kila msimu wa mavuno, na kila siku ya mnada, utaona lori limejaa magunia, na juu ya magunia wamekaa watu, wengine wamelala. Najua sababu zake. Mwenye mali hupenda kuandamana na mali yake, na nauli ya basi ni fedha. Wapo pia wanaosema kwamba vijiji vingine havifikiwi na basi, na lori ndilo chombo pekee. Maneno hayo ni ya kweli, na haifai kuyajibu kwa kukaripia. Lakini mtu aliyeketi juu ya magunia hana kiti, hana mkanda wala ukuta. Lori likiyumba yeye hutangulia chini, na magunia humfuata. Bima ya gari la mizigo nayo haifai kutegemewa kwa kubahatisha. Chama kiulize mapema, kwa maandishi, ni nani anayefidiwa na nani asiyefidiwa.

Iwapo hofu ni wizi, dawa yake tunayo. Mzigo ukipimwa katika mizani ya chama, ukaandikiwa stakabadhi, chama ndicho kinachoujibia, wala mkulima hana sababu ya kuulalia. Iwapo lazima mtu mmoja ausindikize, na akae katika kiti ndani ya lori, afunge mkanda. Iwapo shida ni nauli, chama kimlipie mjumbe aliyetumwa. Sifichi kwamba fedha hiyo itatoka katika mfuko wetu, na kwamba mkulima ataiona pungufu katika malipo yake. Lakini mwenzetu akifa barabarani, deni lake la pembejeo halifi naye. Hubaki mlangoni kwa mjane, na shamba hubaki bila mikono. Hesabu hiyo haiandikwi katika vitabu vya chama, ila familia huilipa.

Wengine wamekwisha kujaribu njia, na matokeo yake yanajulikana. Huko Ghana, katika njia panda ya Suhum kwenye barabara kuu ya Accra hadi Kumasi, waliweka mistari ya matuta madogo ya kumshtua dereva. Ajali mahali pale zilipungua kwa kiasi cha asilimia 35, na vifo kwa asilimia 55. Walichagua mahali pamoja palipojulikana kwa ubaya wake, wakaparekebisha kwa gharama ndogo. Nchini Kenya, mwaka 2008, watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu za masafa marefu maandishi ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari. Katika magari hayo madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Abiria mmoja huogopa kusema. Abiria kumi na wanne wakisema pamoja, dereva hupunguza mwendo. Wanaushirika hawahitaji kufundishwa nguvu ya kusema pamoja, kwa maana ndiyo iliyotuleta katika chumba hiki.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matano, nikiomba kila mjumbe ayapeleke katika mkutano mkuu wa chama chake.

Kwanza, kila mkataba wa usafirishaji uwe na sharti kwamba gari litakaguliwa kabla ya kupakiwa: breki, tairi, taa, bima, na leseni ya dereva ya daraja linalohusika. Gari lisilotimiza haya lirudi tupu, hata kama bei yake ni ya chini.

Pili, mtu yeyote asiruhusiwe kupanda juu ya mzigo wa chama, awe mwanachama, kiongozi au utingo. Karani asitoe hati ya mzigo mpaka magunia yawe hayana mtu juu yake.

Tatu, upakiaji uanze asubuhi, ili gari literemke ukingoni mchana. Dereva asiahidiwe zawadi kwa kuwahi, wala asitishwe kwa kuchelewa.

Nne, vyama vinunue kwa pamoja reflekta za mikokoteni na baiskeli, na kofia ngumu kwa vijana wetu wa bodaboda na abiria wao. Tumezoea kununua mbegu kwa pamoja ili tupate nafuu ya bei. Hivi navyo hununuliwa vivyo hivyo. Mkokoteni wa ng'ombe usio na alama hauonekani usiku na dereva aliyepigwa taa machoni. Na kijana anayepakia mishikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, akumbushwe na wazazi wake kabla hajakumbushwa na askari.

Tano, kila chama kiwe na daftari la ajali za eneo lake, likionyesha mahali, saa, chombo na sababu. Lori likiharibika njiani, madereva huweka matawi ya miti na mawe, kisha huondoka na kuyaacha mawe barabarani. Hayo nayo yaandikwe na yaondolewe. Baada ya mwaka mmoja tutajua Suhum yetu iko wapi, nasi tutakwenda kwa TANROADS au TARURA tukiwa na orodha mkononi. Malalamiko hupokewa na kusahauliwa, bali orodha yenye tarehe ni vigumu kuipuuza.

Ndugu Mwenyekiti, mapendekezo haya hayatamaliza ajali zote. Malori ya mbali yataendelea kupita, na mengine yatapita vibaya. Lakini lori linalotoka katika ghala letu ni letu, na dereva wake amekubali masharti yetu. Hapo hatuna mtu mwingine wa kumlaumu wala wa kumngoja. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo litafikiwa au litashindikana katika mahali padogo padogo kama hapa, asubuhi ya kupakia, pale karani anapoulizwa kama gari liko tayari kuondoka.

Naomba mapendekezo haya yajadiliwe, na chama kitakachoyakataa kiandike sababu zake ili tuzisome wote.