Kibali Kwanza, Cheti Baadaye: Mwalimu wa Kiingereza na Ajira za Nje



Nimeombwa nizungumzie namna mwalimu wa Kiingereza kutoka kwetu anavyoweza kupata cheti kinachotambulika na hatimaye kazi ya kufundisha nje ya nchi. Wengi mliomo humu mna shahada ya ualimu, mmeomba ajira serikalini kila dirisha lilipofunguliwa, na kwa sasa mnajishikiza shule binafsi au kwenye tuisheni. Simu zenu zimejaa matangazo yasemayo kwamba cheti cha saa 120 kinatosha kumpeleka mwalimu popote duniani. Naona wengi wetu tunaanzia mwisho. Swali la kwanza la kujiuliza ni nchi gani inaweza kumpa kibali cha kazi mtu mwenye pasipoti kama yako. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua cheti cha kusomea, na wakala, kama atahitajika, aje baada ya hapo.

Tuanze na Korea Kusini kwa kuwa inatajwa sana. Kibali chake cha kufundisha lugha, kiitwacho E-2, kwa upande wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania au Mkenya mwenye shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka mingi darasani hamo katika orodha hiyo. Kijana wa Toronto aliyehitimu juzi shahada ya jiolojia yumo. Cheti hakibadilishi lolote hapo, hata kiwe cha chuo gani, na mwalimu anayelipa ada kwa matumaini ya Seoul anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha.

Japani inatumia kipimo kingine. Anayeomba kibali cha kufundisha lugha ya kigeni shuleni huulizwa kama amesoma kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Tufanye hesabu. Mwanafunzi wa shule ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba. Kiingereza kinakuwa lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza: miaka minne hadi kidato cha nne, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya shahada. Jumla ni miaka tisa. Mkenya aliyesoma mfumo wa 8-4-4 na kuanza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la nne ana mitano ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, yaani 13. Walimu wawili wenye uwezo uleule, mmoja wa Singida na mmoja wa Nakuru, wanaweza kujibiwa tofauti kabisa. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza naye anavuka, mradi awe na barua za shule zake zote zinazothibitisha lugha ya kufundishia. Barua hizo ziombeni mapema, maana shule hubadilisha wamiliki na nyingine hufungwa.

Kuhusu China, kanuni yake ya jumla ni kwamba mwalimu wa lugha afundishe lugha ya nchi anakotoka, awe na shahada ya kwanza, na awe na uzoefu wa miaka miwili. Mwenye shahada ya ualimu au cheti cha kufundisha lugha anaweza kusamehewa sharti la uzoefu. Utekelezaji hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, ndiyo maana mtasikia kwamba fulani alipata na fulani akakataliwa. Lisilotofautiana ni aina ya viza. Kazi inafanywa kwa viza ya Z na kibali cha kazi. Vijana wetu wengi wanaosoma kule kwa ufadhili wana viza ya masomo, na wanashawishiwa kufundisha chekechea jioni kwa malipo ya mkononi. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inaweka faini ya yuani 5,000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi bila kibali, na kosa likiwa kubwa kuna kuwekwa mahabusu siku 5 hadi 15. Baada ya hapo masomo yenyewe yanakuwa hatarini. Aliyetegemea kufundisha watoto wa China kwa intaneti akiwa nyumbani ajue kwamba Julai 2021 serikali ya huko ilibana masomo ya ziada ya kibiashara na kupiga marufuku kampuni hizo kuajiri walimu walioko nje ya China.

Thailand ina nafasi zaidi kwetu. Asiyetoka katika nchi zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza anaweza kuonyesha matokeo ya mtihani wa lugha, na alama inayotajwa mara nyingi ni 600 ya TOEIC, kiwango ambacho mwalimu wetu wa Kiingereza aliyejiandaa hufikia. Anahitaji pia shahada, viza ya kazi iliyoombwa kabla ya kuanza kazi, na idhini ya baraza la walimu la huko. Vietnam nayo hudai shahada, cheti cha kufundisha na hati ya polisi, zote zikiwa zimethibitishwa kibalozi. Nchi za Ghuba huajiri zaidi walimu wenye shahada ya ualimu au ya Kiingereza na miaka kadhaa ya kazi. Kule cheti cha kozi fupi ni nyongeza tu ya shahada. Wenzetu wa Zanzibar na Mombasa wenye ndugu Muscat wana mahali pa kufikia na mtu wa kuwauliza habari za shule kabla ya kusaini, na hilo ni jambo kubwa. Lakini viza ya kutembelea ndugu haimruhusu mtu kufanya kazi.

Kuna soko lingine ambalo halitangazwi kwa mbwembwe. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na walimu kutoka Kenya na Uganda wamekuwa wakienda kufundisha huko. Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa miongoni mwa lugha rasmi mwaka 2014. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja inayotumika tangu 2010 inampa raia wa Jumuiya haki ya kutafuta kazi katika nchi wanachama. Kibali bado kinaombwa, ila hakuna anayekuuliza kama ulizaliwa London. Usitarajie mshahara wa Ghuba. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Lubumbashi au Bujumbura anayezungumza Kiswahili, mwalimu anayeweza kumfafanulia kanuni ya Kiingereza kwa lugha anayoielewa ana thamani ambayo Mwingereza wa lugha moja hana. Ningekuwa na miaka 25 leo, ningeanzia huko.

Nalisema hilo kwa uzito kwa sababu wazo kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, aliyachambua mawazo yaliyotiwa nguvu na mkutano ule, likiwamo hilo la mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza, akaonyesha kuwa halina msingi wa kitaalamu. Mwalimu aliyejifunza lugha darasani anajua wapi inamshinda mwanafunzi, kwa kuwa naye alipita hapohapo. Mwaka 2006 TESOL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi wa walimu kwa kigezo hicho. Sheria za uhamiaji hazijalifuata tamko hilo, na ndiyo maana nimeanza na vibali. Lakini ukikaa mbele ya mwajiri ambaye sheria ya nchi yake haimzuii kukuajiri, usijitetee kwa unyonge. Mweleze unavyofundisha.

Sasa cheti. Hakuna chombo kimoja duniani kinachosimamia vyeti vya kufundisha Kiingereza, na neno TEFL, yaani kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, peke yake halimilikiwi na mtu. Yeyote anaweza kufungua tovuti leo na kuuza cheti cha saa 120 kwa bei ya chakula cha mchana. Vinavyoaminiwa zaidi na waajiri ni viwili. Cha kwanza ni CELTA ya Cambridge, ambayo asili yake ni kozi iliyoanzishwa London mwaka 1962 na John Haycraft na mkewe Brita katika shule yao ya International House. Cha pili ni CertTESOL ya Trinity College London. Kinachovitofautisha na vile vya kwenye matangazo ni saa sita za kufundisha wanafunzi halisi, wakufunzi wakiwa wamekaa nyuma wanaandika, na mtahini kutoka nje anayekuja kukagua kituo.

Walimu mliopita mazoezi ya kufundisha mkiwa chuo mnaweza kudhani hayo mnayajua. Tofauti iko katika kinachoangaliwa. Tuchukue somo la dakika 40, sentensi ikiwa "I used to live in Tanga." Sisi tumezoea kuandika kanuni ubaoni, kutoa mifano mitano, kisha kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linajibu ndiyo. Katika CELTA swali hilo halihesabiwi kuwa kipimo. Mkufunzi anataka kuona katika andalio la somo maswali matatu mafupi: Je, ninaishi Tanga sasa? Niliwahi kuishi huko? Nilikaa siku moja au muda mrefu? Majibu ya wanafunzi yatamwonyesha mwalimu kama maana imeeleweka. Kisha mkufunzi ataangalia nani alizungumza zaidi kwa dakika zile 40. Ikiwa mwalimu amezungumza 30, ataambiwa hivyo mbele ya wenzake, na kesho atafundisha tena. Kozi ya muda wote huchukua wiki nne au tano na inachosha sana. Mwalimu wa darasa la wanafunzi 90 akitoka hapo anarudi na mbinu anazoweza kuzitumia hata kama hatasafiri kamwe.

Ada yake ni kubwa, kwa vituo vingi zaidi ya dola 1,500 za Marekani. Tangu 2020 kozi nzima inaweza kusomwa kwa intaneti, pamoja na mazoezi ya kufundisha, hivyo nauli na malazi vinaokolewa, lakini umeme na bando visiwe vya kubahatisha. Ushauri wangu kwa asiye na fedha hizo: kama nchi unayoilenga inadai tu cheti cha saa 120, tafuta kozi ya bei ya kati yenye mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa, na uulize kabla ya kulipa ni nani atakayekuangalia ukifundisha. Wakishindwa kujibu, achana nao. Na kama una shahada ya ualimu ya hapa nyumbani, usiidharau. Katika nchi nyingi nilizozitaja, shahada ndiyo sharti lisiloepukika.

Nije kwenye nyaraka, mahali ambapo safari nyingi hukwama. Tuchukue mfano: cheti cha kuzaliwa cha RITA kinaandika Neema Joseph. Cha kidato cha nne kinaandika Neema J. Mwakyusa, cha chuo kikuu Neema Joseph Mwakyusa, na pasipoti, baada ya ndoa, Neema Joseph Komba. Kwetu kila mtu anajua ni yuleyule. Kwa ofisa wa ubalozi hao ni watu wanne. Kusawazisha majina kwa hati ya kiapo au kwa kusajili hati ya kubadili jina, kuthibitisha vyeti Baraza la Mitihani (NECTA) na chuoni, kupata hati ya tabia njema ya polisi, kisha kupeleka vyote Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini, ni kazi ya miezi. Hati ya polisi iwe ya mwisho, kwa sababu waajiri wengi hukataa iliyokaa zaidi ya miezi sita.

Mkataba ukifika, usome vipindi kando na saa za kuwapo kazini, kwani vipindi 25 kwa wiki vinaweza kuambatana na saa 40 za kukaa shuleni. Angalia nani analipa tiketi ya kurudi, nyumba ni ya nani mkataba ukivunjika, na mshahara unalipwa kwa fedha gani. Pasipoti inakaa na mwenyewe.

Kuhusu mawakala, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Kwa hiyo anayeomba "fedha ya kushikia nafasi" ana maswali ya kujibu. Kenya husajili mawakala kupitia Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na Tanzania tuna wizara inayoshughulikia ajira. Ulizeni huko jina la kampuni kabla ya kutuma hata nakala ya pasipoti. Mwaka 2022 Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand walijikuta Myanmar, wamefungiwa kwenye majengo ya matapeli na kulazimishwa kuibia watu kwa mtandao, na serikali yao ikalazimika kuwaokoa na kutoa onyo. Ofa ya kazi isiyohitaji shahada, isiyo na usaili wa kufundisha, na inayokutaka upande ndege kwa viza ya utalii wiki ijayo, ikataeni hata kama aliyeileta ni binamu.

Napendekeza mambo mawili tuyajadili mchana. Kwanza, tuwe na watu watatu kati yetu watakaofuatilia masharti ya vibali vya nchi sita au saba moja kwa moja kutoka ofisi za balozi, na kuyaandika upya kila baada ya miezi mitatu, ili mwalimu wa Kigoma asitegemee matangazo. Pili, tuanzishe darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima, bila malipo, ambapo walimu watafundisha kwa zamu huku wenzao wakiwaangalia na kuandika. Anayetaka kuomba CELTA ataingia kwenye usaili akiwa amezoea kuangaliwa. Chumba kinaweza kupatikana katika kituo cha walimu, na wanafunzi wapo: wauza duka, madereva wa watalii, wahudumu wa hoteli. Kinachohitajika leo ni majina ya walimu walio tayari kuanza.